Mwanabaraka na Kapu la Simu

Ukialikwa harusi ya wanawake wa Kizanzibari hapa London, kabla hujanusa udi wala kuusikia muziki, utakutana na kapu. Ni kapu la ukili, la miraba ya zambarau na kijani, lililosukwa Pemba, na nyuma yake, juu ya kiti cha plastiki, amekaa Bi Mwanabaraka. Hapiti mtu.

"Simu, mwanangu."

Unampa. Anaiviringisha kwenye kitambaa, anaitia kapuni, anakutazama usoni mara moja, anakuuliza, "Hii tu?" basi. Ukitoka baada ya saa nne atakurudishia ya kwako bila ya kukuuliza jina. Simu mia na hamsini, nyingi nyeusi, nyingi zinafanana kama mayai, na hajapata kumpa mtu ya mwenziwe.

Wageni hudhani ni adabu tu ya harusini. Lakini nyuma ya mlango ule mabuibui huvuliwa, nywele huachwa wazi, na wanawake ambao wiki nzima wanaonekana nyuso na viganja tu hucheza mpaka jasho likawatiririka. Wanafunguka hivyo kwa sababu wanajua hakuna jicho linalowaangalia ambalo hawakulikaribisha, na wanalijua hilo kwa sababu wamempita Mwanabaraka mlangoni. Amekaa na kapu lile miaka kumi na tisa, Wembley, Walthamstow, kila ukumbi uliokodishwa. Hakulipwa, wala hakutaka kulipwa. Kuaminiwa kulimtosha.

Riziki yake aliitafuta kwingine. Kila asubuhi alitoka kwake Walthamstow akapanda basi, akaingia nyumba hadi nyumba kuhudumia wazee: kuwaamsha, kuwaogesha, kuwavisha, kuwanyanyua kutoka kitandani hadi kitini na kutoka kitini hadi chooni. Kampuni ilimpa nusu saa kwa kila mzee, kana kwamba mwili wa mtu mzima ni barua ya kutiwa kwenye sanduku la posta. Miaka ishirini na mbili. Mgongo ndio ulioumia kwa kazi hiyo. Daktari alimpa vidonge na karatasi yenye picha za mazoezi, na mtu aliyechorwa kwenye zile picha alikuwa kijana mwembamba anayetabasamu.

Habari ya ziwa aliileta Ghalia.

Ghalia na Mwanabaraka waliingia nchi hii mwaka mmoja, wakawekwa chumba kimoja cha wakimbizi chenye kitanda kimoja. Walilala kwa zamu, kwa sababu Ghalia alikuwa na mtoto mchanga asiyenyamaza, na zamu ya Mwanabaraka mara nyingi iliishia kumbeba mtoto huyo dirishani mpaka kunakucha. Sasa mtoto yule ana watoto, na Ghalia ana ofisi ya safari karibu na Edgware Road: Umra, Istanbul, Misri, na popote ambapo mtu atapenda kwenda.

"Shoga, kuna ziwa Jordan, jangwani," alisema siku moja, wamekaa jikoni kwa Mwanabaraka. "Wanaliita Bahari ya Chumvi, lakini ni ziwa. Chumvi yake hujapata kuiona. Huzami hata ukitaka. Unalala juu ya maji kama uko kwenye godoro, na mgongo wenyewe unasahau kuuma."

"Mimi sijui kuogelea."

"Ndiyo maana nakwambia wewe."

"Na si ndiko walikoangamizwa watu wa Nabii Lut?"

Ghalia akacheka. "Tutapita kwa adabu, tutasoma tutakachosoma, kisha tutaoga. Mgongo wako una kosa gani na watu wa Lut?"

"Na wanaume?"

"Nimeikodi pwani kwa asubuhi nzima, wanawake watupu. Turubai pande zote. Hata mlinzi ni mwanamke. Nikupeleke wewe pahala pa kukuvunjia heshima?"

Wakaenda mwezi wa Machi, wanawake tisa. Ziwa lilikuwa kimya, zito, rangi ya bati jipya, na ng'ambo yake milima haina hata mti. Chumvi ilikuwa imeshika mawe ya ukingoni kama ukoko wa wali. Mwanabaraka hakuwa na harusi ya kulinda, lakini kapu lake alikuwa nalo, na mazoea ni mazoea. Aliliweka juu ya jiwe, akasimama mbele yake.

"Hata hapa?" mmoja akamcheka.

"Hapa zaidi. Leteni."

Wakaleta. Na yake akaitia. Wa mwisho alikuwa Ghalia, taulo begani.

"Hii tu?" Mwanabaraka alimuuliza, kama anavyomuuliza kila mtu.

"Hii tu, shoga."

Mwanabaraka amezaliwa kisiwani, lakini baharini aliingia mwisho magotini, kuokota kombe na wenziwe. Kuogelea kulikuwa kwa wavulana. Sasa ana miaka hamsini na minane, amevaa suruali nyeusi ya kubana na fulana nyeupe ya marehemu mumewe Abdulwakil, na Ghalia anamvuta mkono mpaka maji yakamfika kiunoni.

"Kaa. Kaa kama unakaa kitini."

"Kiti kiko wapi?"

"Kaa tu, mwanamke!"

Akakaa. Miguu ikapanda yenyewe, vidole vikachomoza mbele yake kama vya mtu mwingine. Alipiga ukelele, akangoja kuzama, hakuzama. Maji yalimshika mabegani, kiunoni, chini ya magoti, kila pahala palipokuwa pakimuuma. Akauvua mtandio uliolowa, akautupa ukingoni, na nywele zake zenye mvi zikatandaa pembeni mwa kichwa. Tangu afariki mumewe hakuna mwanamume aliyeziona nywele zile isipokuwa mwanawe.

"Nimebebwa!" alipiga kelele. "Miaka yote nabeba watu, leo mimi nimebebwa!"

Kisha akacheka. Kicheko chake kinajulikana. Huanzia tumboni, hukatika, halafu hurudi kikubwa zaidi mtu ukidhani kimekwisha. Wanawake wote wakacheka naye. Kwa dakika arobaini mgongo haukuuma, na alipotoka alihisi uzito wake ukimrudia pole pole, mguu baada ya mguu, akasikitika kama anayeagana na mtu.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi, alikwenda sokoni Walthamstow kununua samaki. Muuzaji wake ni Vuai, Mpemba mwenziwe, mwenye meza ya barafu na mdomo usiotulia.

"Bi Mwanabaraka! Leo unataka nini? Nikupe nguru, au nikubebe?"

Wanaume wawili waliokuwa wakichagua changu wakacheka chini chini.

"Unibebe wapi, Vuai, na wewe mwenyewe umepinda kama ndoana?"

"'Miaka yote nabeba watu,'" Vuai akaipandisha sauti ikawa nyembamba, akajinyoosha nyuma na mikono kaitanua, "'leo mimi nimebebwa!'"

Mkono wa Mwanabaraka ulisimama juu ya samaki. Maneno yale aliyasema mbele ya wanawake wanane na Mola wake.

"Umeyapata wapi hayo?"

"Si tangazo lako? Mji mzima unalo." Vuai akajifuta mikono kwenye aproni, akamwonyesha simu.

Mwanamke amelala juu ya maji. Fulana imemganda kifuani na tumboni, suruali imemshika mapaja, nywele zimetandaa. Mahali pa uso amebandikwa waridi jekundu la kuchora, linalotikisika kila anapocheka. Na anacheka, kicheko kinachoanzia tumboni, kikakatika, kikarudi. Chini yake pameandikwa kwa herufi za dhahabu: *Njoo Ubebwe*. Halafu namba ya ofisi ya Ghalia.

Vuai alimtazama usoni, mzaha ukamtoka. Akailaza simu kifudifudi juu ya barafu.

"Hukujua."

Mwanabaraka aliuondoa mkono juu ya samaki.

"Wallahi, Bi Mwanabaraka, nilidhani umekubali mwenyewe. Ningejua hukukubali nisingefungua mdomo wangu."

"Mdomo usingefungua," alisema. "Lakini ungetazama."

Akaondoka bila ya samaki. Alipita meza za mboga na za nguo, na kwa kila mwanamume aliyemwamkia alijiuliza kama huyu naye ameiona, na huyu je, na yule mzee anayeinamisha macho anainamisha kwa heshima au kwa kukumbuka.

Mwanawe Mahir, kijana wa miaka ishirini na minne, alikuwa nyumbani mbele ya kompyuta. Alizaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote, na hujibu kwa Kiingereza.

"Umeiona?" mama akamuuliza.

Hakuuliza ni nini. "Wiki iliyopita."

"Na hukuniambia."

"Nilimwandikia Bi Ghalia aiondoe. Hakunijibu. Nikadhani itapita, na usipojua hutaumia." Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayejaribu kuupunguza mzigo: "Mama, ni video tu. Watu wanajirekodi kila siku, hata wakila."

"Wanajirekodi," alisema Mwanabaraka.

Mahir akaifunga kompyuta.

Jumapili alizungumza kwa simu na wanawake waliokuwa naye ziwani, mmoja mmoja. Wote walikuwa wameiona. Wote walikuwa wakingoja mwingine amwambie. Mmoja alisema alidhani Mwanabaraka amelipwa. Mwingine alisema aliogopa kumharibia Ghalia kazi. Siku nane mwili wake ulikuwa ukizunguka mjini, kutoka mkono hadi mkono, na waliompenda wote walikaa kimya kwa adabu.

Jumatatu, alipomaliza mzee wake wa mwisho, alipanda treni mpaka Edgware Road. Ofisi ya Ghalia iko ghorofa ya pili, juu ya duka la tende na halua. Ghalia aliinuka, mikono kaikunjua.

"Shoga! Karibu, karibu. Mgongo vipi?"

"Ulinirekodi na nini?"

Mikono ikashuka. Ghalia alikwenda akafunga mlango, akarudi, akakaa ukingoni mwa meza yake.

"Uso nimeuziba. Nimekuwekea waridi."

"Na kicheko umekiziba?"

"Hicho ndicho chenyewe! Nilijaribu kuweka qasida, haikufaa. Watu arobaini wameshajiandikisha kwa safari ya Oktoba, Mwanabaraka. Wanawake wenye migongo kama wako, wasiojua kuogelea kama wewe. Umewafaa. Una thawabu ndani yake."

"Nilikuuliza: hii tu?"

"Ile nyingine ni ya ofisi. Nilikuwa nayo ndani ya taulo. Mimi siihesabu kama simu yangu."

"Nilikuuliza, Ghalia."

"Ungekataa!"

"Kwa hiyo ulijua."

Nje basi lilipiga honi. Ghalia akaichukua simu ya ofisi, akabonyeza mara mbili tatu, akamgeuzia kioo. "Haya, nimeifuta. Tazama. Imekwisha."

"Imo kwenye simu ya Vuai."

"Vuai muuza samaki atakufanya nini? Na wala hujatoka vibaya, umependeza." Kisha sauti ikamgeuka. "Mimi na wewe tumelala kitanda kimoja. Leo unanijia na uso huu kwa jambo dogo kama hili?"

"Kwa sababu tumelala kitanda kimoja," alisema Mwanabaraka, akaushika ukuta kushuka ngazi, kwa kuwa mgongo ulikuwa umekamata.

Haja ya mtu aliyetendewa ubaya ni ndogo sana: watu waseme kwamba ni ubaya. Hata hilo hakulipata. Wiki ile mji ulizungumza, na mji ulipozungumza uliuliza kwa nini Mwanabaraka alivua mtandio. Uliuliza mjane wa umri wake alitafuta nini kwenye maji, na tena maji ya watu wa Lut. Kina mama waliojua kusoma dua zote walijadili fulana ya Abdulwakil, kama ilikuwa nyembamba au nene. Aliyeshika simu hakuulizwa kitu. Ghalia aliendelea kupokea majina ya safari ya Oktoba, na kila aliyemwambia neno alijibiwa kwamba video imeshafutwa, watu wanataka nini tena.

Alhamisi akapigiwa simu na Bi Zuwena, aliyekuwa akimwoza binti yake Jumamosi hiyo.

"Mama Mahir, mlango wa Jumamosi usijisumbue nao. Tutaweka meza, kila mtu atie simu mwenyewe. Wewe uje kama mgeni, upumzike."

"Sijachoka."

"Najua." Bi Zuwena alikohoa. "Ila watu wanasema, mwenye kuwalinda wenziwe naye kaonekana. Mimi sisemi. Watu."

"Nitakuja na kapu langu, Bi Zuwena. Ukitaka kuniondoa, utaniondoa pale, mbele yao."

Aliwasili Wembley saa nzima kabla ya wageni, akaweka kiti chake, akaweka kapu, akakunja vitambaa. Bi Zuwena alipita mara tatu, akaitazama ile meza aliyoiandaa, akaiacha tupu. Saa tisa alasiri wakaanza kuja.

"Simu, mwanangu."

Wakampa. Wengine walimpa wakitazama zulia. Mmoja wa wale wa ziwani aliinama akamnong'oneza, "Pole, dada yangu," na Mwanabaraka akaifunga simu yake kitambaani bila ya kuinua macho, kwa kuwa pole hiyo ilichelewa wiki mbili. Lakini waliingia. Kutoka ndani alisikia mabuibui yakikunjwa, bangili, vicheko, mwimbaji akijaribu kipaza sauti. Alikaa wima. Labda, alifikiri, hili la kuaminiwa halikuchukuliwa.

Ghalia alikuja ukumbi umeshajaa, gauni la dhahabu chini ya buibui, nyuma yake foleni ya wanawake kumi na kitu. Akanyoosha simu kwa vidole viwili.

"Na ya pili," alisema Mwanabaraka.

"Sina ya pili."

"Ya ofisi."

"Nimeiacha ofisini. Leo nimekuja harusini, sikuja kazini."

Bi Zuwena akatokea mlangoni, uso umemkunjika. "Mama Mahir, tafadhali. Mpitishe. Tusiitie aibu siku ya mtoto."

"Basi na anipekue!" Ghalia akatupa mkoba mezani. "Nipekue, Mwanabaraka, watu waone ulipofika!"

"Sijapekua mtu miaka kumi na tisa. Nauliza, na mtu hunijibu." Aliuona mkoba, mdogo, wa shanga, angeweza kuufungua kwa kidole kimoja. Hakuugusa. Alimtazama Ghalia usoni, uso aliokuwa akiufahamu kuliko wa ndugu zake wa tumbo moja. "Hii tu?"

"Hii tu," alisema Ghalia. Safari hii hakusema shoga.

Na huenda alisema kweli. Hicho ndicho kilichomkata Mwanabaraka: alitazama, akatafuta, akaona hawezi kujua. Ziwani pia alikuwa amemtazama hivi hivi. Miaka yote aliamini kwamba anazilinda simu, kumbe alichokuwa nacho ni swali lile moja tu na imani kwamba mtu akiulizwa na mwenziwe atajibu kweli. Na kama Ghalia aliweza kumjibu vile akiwa na simu ndani ya taulo, basi yeyote aliyepita leo angeweza pia.

Akainuka. Kiti kikakwaruza sakafu.

"Unakwenda wapi?" akauliza Bi Zuwena.

Mwanabaraka alilibeba kapu kwa mikono miwili, akaingia nalo ukumbini. Lilikuwa zito, na mgongo ulimwambia hivyo kila hatua. Mwimbaji alikuwa ameshaanza na wanawake wako katikati, mabega wazi, nywele zimepigwa pasi na kutiwa asumini. Mwanabaraka alianza na meza ya kwanza. Akafungua kitambaa, akatoa simu.

"Ya kwako, mwanangu."

"Mbona mapema? Bi harusi hajatoka!"

"Mlango hauna mtu. Siwezi kukwambia tena kwamba uko salama. Chukua ya kwako."

Meza ya pili. Ya tatu. Hakukosea hata moja. Ya mama na ya binti yake zilizofanana, kila mtu alipata ya kwake. Bi Zuwena alimfuata nyuma akisihi, kisha akilia, "Unaivunja harusi, Mama Mahir, unaivunja!" Wale wa ziwani walipokea zao kwa mikono miwili. Na kila simu ilipotua mezani, mwenyewe aliitazama, kisha akawatazama wenziwe walioshika zao, kisha mkono ukaenda kutafuta buibui nyuma ya kiti. Mmoja alifunga mtandio akiwa bado anacheza. Mwingine alimvuta binti yake kutoka katikati, akamfunika mabega. Ilikuwa kama mvua imeanza kunyesha ndani. Mwimbaji aliendelea mpaka mwisho wa beti, akatazama ukumbi mzima umegeuka mweusi, akashusha kipaza sauti.

Kapuni ikabaki simu moja. Mwanabaraka aliirudisha mlangoni, ambako Ghalia alikuwa bado amesimama na mkoba wake wa shanga.

"Ya kwako."

Ghalia aliipokea. Alichungulia ukumbini, akamtazama Mwanabaraka. "Kwa ajili yangu mimi ndiyo umewafanyia hivi watu wote?"

"Safari ya Oktoba wapeleke salama," alisema Mwanabaraka. "Wanawake arobaini. Na wewe uwaulize."

Alivua viatu vya harusi, akavaa raba zake za kazini, akatoka kuelekea stesheni. Ndani ya treni alipata pa kukaa. Alilipindua kapu mapajani ili avikunje vile vitambaa, na kutoka kwenye mishono ya chini, pale lilipokaa juu ya jiwe asubuhi ile ziwani, punje za chumvi zikadondoka juu ya buibui lake. Alizitazama kwa stesheni mbili. Kisha akazipangusa kwa kiganja, zikaanguka chini kati ya miguu ya watu, akaanza kukunja.